Video Yetu ya Barafuni

Haapasalmi, 17 Desemba 1995

Shangazi Kerttu mpenzi,

Shikamoo. Huku wote wazima isipokuwa baba. Tangu jana jioni yuko kitandani na homa, anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Mama kamfunika kila blanketi lililomo humu ndani na anamnywesha maji moto ya zabibu nyeusi, na baba analalamika eti anapikwa mzima mzima. Mwanao Aatos hajambo, anakula kama katumwa. Lafudhi yake ya Uswidi siku hizi hachekwi na mtu ila mimi tu, na mimi sitaacha.

Sasa nikupe habari yenyewe. Unajua kila mwaka sisi tunaomaliza sekondari tunatengeneza video ya kuonyeshwa ukumbini siku ya kuaga madawati, mwezi wa pili, kabla hatujapanda malori kwenda kurusha peremende mjini. Mwaka huu tumetunga wimbo wa kumtania mwalimu wa hesabu. Aatos anaimba, kwa sababu ana sauti na hana haya. Mimi ndiye mpiga picha na mhariri, yaani mimi ndiye punda.

Jana tulipiga picha ziwani, juu ya barafu, kwenye njia ya magari ambayo baba ametoka kuitia alama. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Betri ya kamera ilikuwa inakata roho kila baada ya dakika kumi, basi nikawa naiacha kamera imesimama kwenye miguu yake mitatu, nakimbilia kibanda cha sauna kuchukua betri nyingine niliyoiweka karibu na jiko. Kwenye redio kaseti tuliuendesha wimbo kwa kasi mara mbili, ili baadaye nikipunguza mwendo wa picha Aatos aonekane anaelea. Laiti ungemsikia mwanao! Alikuwa anaimba kama kuku anayefukuzwa.

Baba akipona nitamwambia akuandikie, ingawa unamjua. Akishika kalamu ataandika unene wa barafu tu.

Wako,
Helka


Borås, 23 Desemba 1995

Helka mwanangu,

Marahaba, na Krismasi njema kwenu nyote. Nimekaa na kikombe cha kahawa, miguu juu ya kiti, kiwanda kimefungwa mpaka mwaka mpya na masikio yangu bado yanasikia mashine. Mpe pole kaka. Mwambie homa haitishwi kwa kununa.

Video yenu nimeicheka, lakini acha nikuambie kitu. Barafu ya Desemba mimi siiamini hata akiipima kaka yangu mwenyewe. Nilizaliwa hapo, najua pale kwenye shingo ya ziwa maji yanavyokwenda mbio chini kwa chini. Theluji ikishaanguka juu yake, mgeni ataona sakafu tu. Msiende upande ule, nasema na narudia.

Halafu mwambie Aatos anipigie simu. Wiki nzima kimya. Nilimleta kwenu apumzike na yale makundi yake ya huku, sikumleta anisahau. Kama ana jambo, bora aniambie yeye kabla mtu mwingine hajaniambia.

Shangazi yako,
Kerttu


Haapasalmi, 13 Januari 1996

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe nimechelewa. Mama anakusalimu. Baba amepona homa. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Najua kwenye simu mama alikuambia kwa kifupi kwamba kulitokea ajali. Simu iko sebuleni na baba huwa amekaa pale pale, ndiyo maana hakuna anayezungumza. Ilikuwa tarehe ishirini na moja. Baba alikuwa bado kitandani. Siku moja kabla, wenzake wa idara ya barabara walimpigia kuuliza kama njia ya barafu iko tayari kufunguliwa. Akawaambia, «Iko tayari, nimeitia alama kwa mkono wangu, fuateni misonobari.» Unajua anavyofanya: anatoboa kwa keekee, anapima, kisha pande zote mbili anachomeka misonobari midogo, dereva apite katikati. Basi wakafungua. Reino wa posta akawa wa kwanza kupita na gari lake, na vifurushi vya Krismasi, theluji inaanguka. Akafuata misonobari. Misonobari ikampeleka kwenye shingo ya ziwa, barafu ikavunjika, gari likazama.

Walimtoa akiwa hai, lakini hakuzinduka. Alifariki mwanzoni mwa mwezi huu. Tulimzika juzi. Mkewe Sylvi alimpa baba mkono makaburini, na baba hakuweza kumtazama usoni.

Polisi wanasema misonobari ilichomekwa vibaya, basi. Baba hakatai. Kila tukikaa mezani anauliza lile lile: «Niliichomeka sawasawa. Au sikuichomeka?» Mama anamwambia ale. Aatos anatazama sahani yake.

Sasa nakuambia wewe peke yako. Video naihariri shuleni, kwenye kichumba cha vifaa kando ya maktaba. Kuna deki mbili na runinga. Mkutubi hataki kelele, kwa hiyo sauti nimeizima kabisa, na wala siihitaji, mwishoni wimbo unawekwa juu ya kila kitu. Jumatano nikafika kwenye kipande nisichokijua. Kumbe siku ile mara moja nilikimbilia betri nikaiacha kamera inarekodi.

Nilimwona Aatos. Yuko peke yake kwenye picha. Anang'oa misonobari ya baba mmoja mmoja kutoka njiani, anaikokota, anaichomeka upya kwa mistari miwili, inaelekea kule kule kwenye shingo ya ziwa. Anatengeneza mandhari ya video yetu! Anapiga hatua nyuma, anaitazama, anafurahi. Baadaye anaung'oa mmoja tena, anasimama nao mkononi amegeukia ufukweni, midomo inacheza kama anaimba. Halafu anauweka chini na kuondoka.

Mimi niliporudi na betri nilisema, «Weee, pazuri hapo!» Nilidhani amekata miti mingine msituni. Tukapiga picha mpaka giza likaingia, tukaenda kunywa kahawa.

Shangazi, naogopa. Mkanda huu unamwokoa baba, lakini unammaliza Aatos. Sijamwambia mtu. Niambie nifanye nini.

Helka


Borås, 20 Januari 1996

Helka mwanangu,

Habari za hapo? Huku mvua na matope, hakuna majira yanayoeleweka. Goti langu linanisumbua. Mwajiri kapunguza watu zamu ya usiku, mimi nimebaki, namshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini, kisha nikaisoma tena.

Hukuona kitu. Nisikilize. Ulikuwa umechoka, picha za kamera ile ni mbovu, ni msimu wa giza. Mtoto alikuwa anachezacheza kwenye video. Kikate hicho kipande, halafu ufute mkanda wote, urekodi juu yake chochote, hata taarifa ya habari.

Wewe hujui kilichotokea huku kabla hajaja kwenu. Kaka anajua, mama yako hajui. Aatos alishafikishwa mbele ya hakimu mara moja, kwa gari la watu lililoibwa, yeye alikuwa amekaa nyuma tu lakini alikuwemo. Aliambiwa, kijana, ukirudi hapa hatutazungumza kwa upole. Sasa fikiri wakisikia amemuua mtu. Ana miaka kumi na minane, Helka! Baba yako ni mtu mzima, anaheshimika, amewavusha watu miaka yote hiyo. Kwake watasema ni bahati mbaya. Kwa mwanangu hakuna atakayesema hivyo.

Ninajua ninachokuomba. Usidhani sijui. Naandika na machozi yananitoka na bado nakuomba.

Je, Aatos anakula? Analala? Hajanipigia.

Shangazi yako


Haapasalmi, 28 Januari 1996

Shangazi,

Mama anakusalimu, Aatos hakusalimu kwa sababu hazungumzi na mtu.

Umeniambia nimuuze baba yangu. Nilikaa siku mbili nikikuchukia, na leo imenipungua kidogo. Nakuambia tu ujue.

Baba ameitwa polisi Jumatatu ya tarehe kumi na tisa Februari, kutia saini maelezo kwamba alama alizikosea yeye. Kesi itafuata. Kazi wamemsimamisha. Keekee yake aliyoirithi kwa babu ameipeleka ghalani na kuifunika gunia, anasema hataigusa tena barafu. Lakini si hayo yanayonitia hofu. Siku hizi anapima kahawa mara mbili, anaimwaga, anapima tena. Anamuuliza mama kama amefunga mlango, naye ndiye aliyetoka kuufunga mwenyewe. Jana alinishika mkono akaniambia, «Helka, mtu akianza kuharibika akili, yeye mwenyewe huwa anajua?» Nilitoka nje nikajifanya nakwenda kuleta kuni.

Nikamkuta Aatos kwenye banda la kuni. Sikuweza kujizuia. Nikamwambia nimeona mkanda. Nikamwambia, «Unamtazama mjomba wako anaoza hapo mezani na wewe unapaka siagi mkate! Muuaji wewe!» Nilitegemea akatae, au anitukane, au alie. Akauliza, «Umeuona na sauti?» Nikasema sauti ya nini, macho ninayo. Akasema, «Basi sawa.» Akabeba kuni zangu mpaka mlangoni.

Jioni ile ile akahamia kibanda cha sauna. Anakuja kunywa kahawa na kurudi. Mama anadhani anajisomea mtihani. Kila akitoka shule anashuka ziwani, anasimama karibu na lile shimo ambalo sasa limeganda, wamelizungushia kamba. Mimi namchungulia dirishani mpaka arudi. Namwogopa, na namwogopea. Akichelewa kidogo tu nimeshavaa viatu.

Siwezi kuufuta na siwezi kuupeleka. Kwa hiyo nakuletea mkanda wenyewe, humu ndani ya kifurushi. Nilichohitaji cha video nimeshakinakili, hakuna nakala ya kipande kile. Wewe ni mama yake Aatos, na ni dada yake baba. Amua wewe, mimi nimeshindwa.

Helka


Borås, 9 Februari 1996

Helka, mwanangu, roho yangu,

Mama yako hajambo? Baba je? Mimi sijambo kwa mwili.

Najua umeingoja barua hii na umenilaani kila siku isipofika. Kifurushi kilikaa juu ya kabati. Sikutaka kukifungua. Nilikuwa nimeshaamua nitakachofanya, nikawa nasubiri tu moyo ufanye ugumu.

Jumapili nikaazima deki kwa jirani. Nikaweka mkanda, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kurekodi, nafuta nisiangalie, ndivyo nilivyojiambia. Lakini mimi ni mama, nilitaka kumwona mwanangu kidogo. Kwangu sauti haizimwi, Helka. Mimi naishi peke yangu, runinga yangu inasema tangu asubuhi.

Kweli ni Aatos, anang'oa, anachomeka, anajiimbia. Halafu inasikika sleji, kile kigari cha kuteleza, chuma chake kinasaga theluji, kisha kikohozi. Mtu haonekani, yuko nje ya picha upande wa ufukweni. Aatos anashtuka, anasema, «Mjomba! Nairudisha sasa hivi, nilitaka picha tu!» Anang'oa mmoja. Na sauti inamjibu, Helka, nakuandikia kama ilivyo, maana nimeirudia mpaka nimeikariri:

«Acha, mwanangu, utakufa na baridi hapo. Pigeni picha zenu. Kesho asubuhi nitairudisha mwenyewe.»

Kisha kikohozi tena, na sleji inaondoka.

Ni kaka yangu. Sauti yake ningeitambua hata kaburini. Alikuwa na homa tayari, inasikika kifuani. Alifika nyumbani akaanguka kitandani na yote yakamtoka kichwani. Hafichi kitu, masikini, hakumbuki! Na mwanangu anajua, na amenyamaza, na wewe umemwita muuaji, na mimi mama yake nilikuwa nataka kumfichia dhambi ambayo hata haikuwa yake peke yake.

Nakurudishia mkanda. Nenda kamwombe Aatos radhi, hata kabla hujamaliza kusoma hapa.

Halafu nisikilize kwa hili la pili. Usimwonyeshe baba yako. Wewe unamjua mtu mzima mwenye keekee, mimi namjua tangu ana kaptula. Alipokuwa na miaka tisa alisahau kufunga komeo la zizi, ndama mmoja akatoka akafa kwenye theluji. Hakula chakula siku kadhaa, na akawa anaamka usiku kwenda kushika lile komeo, mpaka baba yetu akahamishia kitanda chake zizini ili alale. Huyo alikuwa ndama tu, mwanangu.

Sina haki ya kukuagiza tena. Naogopa tu, nakuambia wazi kwamba naogopa.

Kerttu


Haapasalmi, 18 Februari 1996, Jumapili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, ameoka vipai vya viazi, nusu vimeungua kwa sababu leo kila mtu humu ndani anasahau alichokuwa akifanya.

Barua yako ilifika Jumatano. Nilikwenda kibanda cha sauna nimevaa koti mkono mmoja. Nilimwambia Aatos nimekosa, sijui hata nilisema maneno gani. Akaniuliza, «Mama amesikia?» Nikasema amesikia. Akakaa kwenye benchi akalia kama mtoto, Shangazi, na mimi nikalia. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema wiki ile alidhani mjomba amemtuma mwenzake kuirudisha, kwa hiyo hakuuliza, na kutouliza huko anakujutia. «Halafu baadaye ningesema nini? Anauliza kila siku mezani. Ningemjibu, mjomba, ni wewe uliyeahidi? Acha wadhani ni mimi.»

Alhamisi video yetu ikaonyeshwa. Ukumbi mzima ulicheka, mwalimu wa hesabu alicheka kuliko wote. Kipande kile sikukiweka, wala picha yoyote yenye misonobari. Baadaye tukapanda lori, tukapiga kelele, tukarusha peremende, na tulipopita posta Aatos akavua kofia. Mimi nilikuwa nahesabu tu: kesho kutwa, mtondo, Jumatatu.

Nilikusudia kukutii. Nakuapia. Lakini jana mama alimkuta baba amesimama jikoni gizani, ameshika kijiko cha kahawa, hajui kama anapima au amekwisha kupima. Akamwambia mama, «Kesho kutwa nikitia saini, waambie wanipeleke kwa daktari wa akili. Mtu asiyejua alichofanya kwa mikono yake asiachwe na watu.» Nikaelewa kwamba kuna jambo linalomla kuliko kosa.

Leo baada ya kahawa akaniambia, «Nasikia video yenu imewachekesha watu. Mbona mimi sijaiona?» Nilikuwa nimeazima deki ya shule tangu Ijumaa, sijui kwa nini, au najua. Mikanda yote miwili ilikuwa kwenye mfuko wangu. Nilitia mkono nikautoa ule ulionirudishia.

Nikauweka, lakini ujasiri ukanikatika pale pale, nikazungusha sauti mpaka mwisho chini. Nikajiambia aone miti tu, ajue kwamba aliichomeka sawasawa, akili yake ni nzima, yatoshe hayo.

Aatos alikuwa mlangoni. Alipoona ni mkanda upi akasema, «Helka, hapana.» Mimi nimeshabonyeza.

Baba aliinama mbele, mikono juu ya magoti. Aliitazama misonobari yake mahali pake, iko kama kamba iliyonyooshwa. Akasema polepole, «Mama Helka, njoo uone. Iko sawa. Iko sawa!» Uso wake, Shangazi! Sijauona uso ule tangu Krismasi. Kisha Aatos akaingia kwenye picha na kuanza kung'oa.

Baba akageuka akamtazama. Hakupandisha sauti. «Ni wewe?»

Aatos akasema, «Ndiyo, mjomba. Ni mimi. Kesho nitakuja na wewe polisi niseme.»

Ningeweza kuzima pale. Aatos alikuwa ananiomba kwa macho nizime, na baba angepona, na mwanao angekwenda kwa hakimu na tabasamu lake lile lile la kijinga, na mimi na wewe tungeinyamazia sauti ile mpaka tufe. Nilinyoosha mkono kwenda kuzima.

Lakini baba alikuwa amerudisha macho kwenye runinga. Aatos wa kwenye picha ameshika msonobari, amegeukia ufukweni, midomo inacheza. Baba akakunja uso.

«Anazungumza na nani hapo?» akasema. «Ongeza sauti, mwanangu, mbona sisikii kitu?»

Nikaongeza.

Helka